Sikio la Marjan

Marjan alifumba macho, akainamia boneti iliyokuwa wazi, akasema, "Mwambie akanyage mafuta. Polepole. Hapo hapo. Haya, aachie."

Dalali Dawudi alikanyaga, akaachia. Injini ikapanda, ikashuka, ikatulia. Watu waliokuwa kwenye ile yadi ya magari ya Nateete walinyamaza wote, hata muuza karanga aliyekuwa anapita zake. Kwani wangefanyaje? Watu wanajua, tangu Kyebando mpaka huku: ukitaka kununua gari kuukuu, usihangaike na fundi. Fundi atafungua kila kitu, akudai hela ya kufungua, kisha akudai ya kufunga. Mchukue mzee Marjan. Yeye anafumba macho tu, anasikiliza, halafu anakwambia gari limebakiza miaka mingapi duniani. Ujira wake ni sahani ya pilau.

"Hii hapana," Marjan alisema, akafumbua macho. "Inakula oili. Na mwenyewe anajua, ndiyo maana leo asubuhi ameitilia oili nzito."

"Banange!" Dawudi akapiga makofi. "Mzee, wewe umerogwa ama umebarikiwa?"

Watu wakacheka. Kulusum, mke wa Marjan, naye alicheka, lakini mkono wake haukuondoka kwenye mkoba alioubana kwapani. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na kiwanja cha marehemu baba yake kule Bombo. Yaani kilikuwa kiwanja hadi Jumanne iliyopita. Sasa kilikuwa shilingi milioni kumi na nne za noti.

Alikuwa amepata kazi, na kazi za namna ile haziji mara mbili kwa mwanamke wa miaka hamsini. Kiwanda kimoja cha mifuko kule Namanve kilitaka mtu wa kuwapikia vibarua themanini staftahi kila siku ya kazi: katogo ya ndizi na maharage, chai ya maziwa na chapati. Kutoka Kyebando hadi Namanve ni safari ya kuvuka mji mzima. Wiki mbili za majaribio alikwenda kwa gari la kukodi, na faida yote ikaishia kwa mwenye gari. Teksi za abiria hazikubali sufuria ya moto. Na hata ikikubali moja, kondakta anakulipisha sufuria kama mtu mzima. Julienne, mama wa Kikongo aliyesimamia mambo ya jikoni pale kiwandani, alimwambia bila kumumunya maneno: "Mama Rahmah, chakula yako ni tamu. Lakini tumbo ya kibarua haingoji. Siku ya Jumatatu, saa moja kamili, uwe na usafiri wako. Ukichelewa, kuna mwengine pale inje anangoja."

Leo ilikuwa Jumamosi.

Gari lingepatikana leo. Hela walikuwa nayo. Na dereva, alhamdulillahi, alikuwa ndani ya nyumba: Marjan, aliyeendesha malori na mabasi na magari ya wakubwa kwa miaka thelathini na moja. Hivyo ndivyo Kulusum alivyopiga hesabu yake, na kila aliyemwambia aliiona hesabu imekaa sawa.

Tatizo ni moja tu, na katika dunia nzima lilijulikana na Marjan na daktari mmoja. Marjan alikuwa anapofuka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Halikuona hata kivuli. La kulia lilikuwa linajifunga kutoka pembeni kuja katikati, akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari aliita presha ya macho. Alisema imechelewa. Alisema pia, "Mzee, usiendeshe tena." Siku ile Marjan alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba kampuni imepunguza wafanyakazi. Hakuna aliyempunguza. Aliacha mwenyewe, baada ya kugonga nguzo ya geti ambayo alikuwa ameipita kila siku kwa miaka tisa.

Tangu hapo miaka miwili ilikuwa imepita, na hakuna aliyegundua. Nani atagundua? Mtu ambaye sifa yake ni kufumba macho, ni nani atamuuliza kama anaona?

*

Gari la nne halikuwa la Dawudi. Lilikuwa la Mkenya mmoja, Cleopas Okinyi, mfanyabiashara wa vipuri, aliyelileta pale yadini kwa sababu alikuwa anarudi kwao Kisumu na familia. Lilikuwa Probox ya rangi ya fedha, ndefu nyuma, hasa ile inayofaa sufuria. Marjan alisikiliza injini kwa muda mrefu kuliko zote. Aliweka kiganja juu ya kifuniko chake, akatabasamu.

"Hii imetunzwa," alisema. "Huyu alikuwa anabadilisha oili kabla haijamdai."

"Kila kilomita elfu tano, mzee wangu," Cleopas alisema, kwa fahari ya mtu aliyesifiwa mtoto. "Muulize mke wangu Loice. Anasema naipenda hii gari kuliko yeye."

Marjan alitembea upande wa kulia wa gari akipapasa bati kwa vidole, akapita nyuma, akagonga gonga bampa. Kisha akasimama na kusema kwa sauti ya kutoa hukumu:

"Na rangi ni ile ile ya kiwandani. Kote. Haijaguswa."

Watu wakatazamana. Halafu Dawudi akaangua kicheko hadi akashika magoti. "Eeeh, mzee! Mzee wewe ni mbaya! Ati haijaguswa!"

Maana mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ulikuwa wa buluu. Si buluu ya kujificha. Buluu ya sare ya shule, mlango uliotolewa gari lingine na kupachikwa pale bila haya. Hata mtu aliye ng'ambo ya barabara angeuona.

Cleopas alikuna kichwa kwa aibu. "Sawa, mzee, nimekuelewa. Umenisema kistaarabu. Huo mlango niligongwa nikiwa nimeegesha, nikaweka wa kuokoteza. Basi sitasema kumi na nne. Leta kumi na tatu tumalize."

Marjan alicheka. Alicheka sekunde moja baada ya wenzake, lakini alicheka. "Umenielewa," alisema.

Milioni nzima imepungua kwa neno moja! Watu walimpiga mabegani. Mchezo huo hata madalali wa Nateete walikuwa hawajauona. Ni Kulusum peke yake ambaye hakucheka. Mwanamke aliyelala na mtu miaka ishirini na sita anajua mzaha wa mumewe unafananaje, na ule haukuwa mzaha.

"Hebu tulijaribu barabarani," alisema.

*

Waliondoka kuelekea Busega, Marjan kwenye usukani, Kulusum mbele kushoto, Cleopas nyuma. Marjan aliendesha vizuri. Jamani, aliendesha vizuri sana! Gia ziliingia bila kelele, mguu wake ulikuwa mwepesi, na kwa dakika tano Kulusum alijisuta moyoni kwa kumfikiria vibaya baba wa mtoto wake. Halafu wakakaribia pale watu wa sokoni wanapovuka, na mwanamke mmoja akashuka barabarani kutoka kushoto, beseni la nyanya kichwani.

Kulusum alimwona tangu mbali. Alingoja Marjan apunguze. Marjan hakupunguza. Alimtazama mumewe usoni: uso ulikuwa umetulia, macho yanatazama mbele moja kwa moja, kama barabara ni tupu.

"Baba Rahmah! Kushoto! Mtu!"

Gari liliuma lami na kusimama. Beseni liliyumba, nyanya tatu nne zikaanguka na kubiringika chini ya gari, na yule mwanamke, mkono juu ya boneti, akaanza kuwatukana kwa Kiganda, wao na wazazi wao na waliomfundisha dereva wao kazi. Alikuwa karibu na kioo cha mbele kiasi cha kukigusa. Ndipo Marjan alipogeuza kichwa chote, akamtafuta, akamwona.

"Nisamehe, nnyabo," alisema.

Cleopas alikuwa ameshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili. Akashusha pumzi. "Kumbe ulikuwa unajaribu breki! Mzee, nyinyi wa zamani hamna mchezo."

"Breki ni nzuri," Marjan alisema. Akageuza gari, na njia yote ya kurudi Kulusum hakuondoa macho kwenye upande wa kushoto wa barabara.

*

Yadini, Cleopas alishuka kwenda kuchukua kadi ya gari na karatasi za makubaliano. Mume na mke wakabaki ndani, vioo vimepandishwa, kwenye joto.

"Ule mlango wa nyuma upande wangu," Kulusum aliuliza, "ni wa rangi gani?"

Marjan alipangusa usukani kwa kiganja.

"Nakuuliza, Baba Rahmah."

"Kulusum, punguza sauti."

"Ni wa rangi gani?"

"Wa fedha," alisema. Kisha akamgeukia mkewe: "Si wa fedha?"

"Ni buluu! Mtoto wa chekechea anauona!" Alijifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio ili watu wa nje wasione uso wake. "Tangu lini?"

"Jicho moja tu. La kushoto. La kulia ni zima."

"Tangu lini, Marjan?" Hakuwa amemwita kwa jina tupu tangu walipooana.

"Miaka miwili."

Kulusum alihesabu. Miaka miwili: kampuni, kupunguzwa kazi, kisahani cha chai anachokitafuta kwa kiganja, kukataa kwake kwenda arusini usiku. Vyote hivyo alikuwa ameviona, na kwa kila kimoja alikuwa amejitafutia sababu. Akaona hasira, na chini ya hasira hofu, na chini ya hofu huruma, na vyote vitatu vikamjia kwa pamoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Babu yangu alikuwa dereva wa jeshi la Mwingereza. Baba yangu dereva. Mimi dereva. Ningekuja nikwambie mimi ni nani sasa?" Akashika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Usiwaambie watu. Nakuomba kwa Mungu. Njia ya Namanve naijua kama uso wako. Nipe mwezi mmoja. Wewe unakaa kushoto, huko huko nisikoona. Unaniambia tu. Mwezi mmoja ukipita, umepata hela, tafuta dereva."

Nje, Dawudi alikuwa anawasubiri huku akisugua viganja, ana haraka ya asilimia yake. Kulusum alifikiria dereva wa kuajiri. Oyat, aliyekuwa utingo wa Marjan na sasa ni dereva mwenye watoto, hangekubali chini ya elfu thelathini kwa siku. Faida yote ya Kulusum kwa siku ilikuwa elfu arobaini na tano, kabla ya petroli. Akafikiria kiwanja cha Bombo kisichorudi tena. Akafikiria yule mwengine anayengoja nje ya jikoni la Julienne.

Wewe unayesoma, usiwe mwepesi wa kumhukumu. Ni rahisi kuwa na busara ukiwa umeshiba.

"Mwezi mmoja," Kulusum alisema. "Na usiguse hili gari bila mimi kuwa ndani. Hata kulisogeza. Umesikia?"

"Nimesikia."

Waliandikiana. Jina lililoandikwa kwenye makubaliano lilikuwa la Kulusum. Cleopas alizihesabu milioni kumi na tatu, akampa mkono kila mmoja, akapapasa paa la gari mara ya mwisho. Kisha Kulusum akasema mbele ya wote kwamba mzee ana goti bovu leo, akamlipa Dawudi elfu ishirini awaendeshee mpaka nyumbani. Hakutaka kuvuka mji mzima na ile hofu siku ya kwanza.

Pale Kyebando, vijana wa boda walimwona Marjan ameketi kiti cha abiria. "Mzee Marjan!" mmoja akapaza sauti. "Siku hizi unaendeshwa kama mbunge!" Wakacheka, na ulikuwa utani wa kawaida tu. Lakini Marjan aliubeba mpaka ndani, akalala nao.

*

Jumapili walifanya mazoezi uani, gari limesimama, injini imezimwa.

"Boda, kushoto," Kulusum alisema.

"Umbali gani? Usiseme boda tu. Sema hatua ngapi."

"Hatua kumi. Angalia!"

"Na usiniambie angalia! Nitaangalia na nini? Sema simama, ama sema pita."

"Hatua kumi. Pita. Mtoto kushoto, hatua tano. Simama. Simama! Ya Rabi, simama!"

Alikuwa ameshika dashibodi, jasho linamtoka, na gari halijasogea hata unyayo. Binti yao Rahmah, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, aliwatazama akaona wazazi wake wamezeeka vibaya. "Mama, mnacheza mchezo gani?" aliuliza.

"Baba yako ananifundisha barabara," Kulusum alijibu.

"Nifundisheni na mimi basi."

"Gari si kazi ya mwanamke," Marjan alisema, kama alivyokuwa amemjibu mara mia. Rahmah akabetua midomo, akaendelea na ndizi zake.

Usiku ule Kulusum hakulala. Alikuwa anahesabu hatua.

*

Jumatatu, baada ya swala ya alfajiri, kulikuwa kumeanza kupambazuka. Katogo ilikuwa tayari kwenye sufuria mbili kubwa. Chapati zilikuwa zimefungwa kwenye vitambaa. Rahmah alizitoa sufuria uani, akazipanga kwenye njia ya gari, karibu na ukuta, ili zipakiwe. Akachuchumaa kufunga vifuniko kwa kamba za mpira. Kulusum alikuwa jikoni anamimina chai kwenye madumu.

Marjan alitoka amevaa shati lake la kazi, lililopigwa pasi. Kwa miaka thelathini na moja hakuna bosi aliyewahi kutoka nyumbani akakuta gari halijageuzwa. Dereva hangojwi, dereva ndiye hungoja. Gari lilikuwa limeingia kichwa mbele, mkia wake uko mbali na mlango wa jikoni. Kulirudisha nyuma hatua saba tu, likae sawa na mlango, mke wake asibebe sufuria za moto mbali: hilo nalo ni la kuombea ruhusa? Ua huu aliujenga kwa mikono yake. Aliujua kuliko kiganja chake.

Kulusum alisikia injini ikiwaka. Alidhani ni ya jirani. Halafu akasikia gia ya nyuma ikiingia, laini, bila kelele, na hakuna mtu mwingine Kyebando anayeiingiza namna ile. Dumu likamtoka mkononi.

"Marjan!"

Kishindo kilikuja kabla hajafika mlangoni. Hakikuwa kikubwa. Kitu kilipasuka, kitu kikakunjika taratibu chini ya uzito, halafu kimya.

Marjan alikanyaga breki. Sikio lile lililosifiwa mji mzima lilikuwa limesikia kila kitu: bati, kisha kitu laini, kisha maji maji yakimwagika. Na dakika moja tu iliyopita, akipita kwenda garini, lilikuwa limemsikia binti yake upande ule, akiimba chini chini na kuvuta kamba za mpira, naye akadhani yuko ukutani, nje ya njia.

"Rahmah?" aliita.

Mikono yake iling'ang'ania usukani. Hakuthubutu kufungua mlango. Hakuthubutu hata kuinua mguu kwenye breki, maana hakujua gurudumu liko juu ya nini.

"Rahmah! Mama, nijibu! Rahmah!"

Kulusum alisimama mlangoni pa jikoni. Aliona gurudumu la nyuma limekaa ndani ya sufuria iliyobonyea, ndizi na maharage yametapakaa njiani, mvuke unapanda. Aliona kamba ya mpira ya Rahmah imenaswa chini ya tairi. Halafu akamwona Rahmah.

Rahmah alikuwa amesimama. Alikuwa ameinuka kwenda kuchukua kamba ya pili kwenye dirisha la nyumba, na kishindo kilikuwa kimemgandisha alipogeuka. Alikuwa kushoto mwa gari, karibu na ule mlango wa buluu. Kioo cha dirisha la mbele upande ule kilikuwa kimeshushwa. Baba yake alikuwa amegeuza uso upande ule ule, kama anamtazama, na machozi yanamshuka.

"Rahmah!" aliita tena. "Jamani, nimemuua mtoto wangu! Kulusum! Nimemuua!"

Rahmah alimtazama mama yake, kisha akamtazama baba yake. Alipunga mkono taratibu mbele ya dirisha. Macho ya Marjan hayakuufuata.

"Baba," alisema. "Baba, niko hapa. Niko mbele yako."

Marjan aligeuza kichwa huku na huku, kama mtu anayeitwa gizani, mpaka jicho la kulia likampata. Akamtazama muda mrefu. Kisha akazima injini, akachomoa ufunguo, akaunyoosha nje ya dirisha, kwenye hewa, akingoja mtu aupokee.

Kulusum alikuja akauchukua. Saa ilikuwa kumi na mbili kasoro. Sufuria moja ilikuwa nzima bado, na vibarua themanini walikuwa njiani kwenda kazini.

"Mpigie Oyat," Marjan alisema. "Mwambie hapa hakuna dereva. Aje."